Chuo Kwanza, Viza Baadaye: Namna Shule ya Marekani Inavyopata Kibali cha Kupokea Wanafunzi wa Kigeni

Simu huingia jioni, watu wakishatoka kazini. "Shikamoo kaka. Jengo tumepata, walimu tunao, sasa tunataka kufungua chuo tulete vijana kutoka nyumbani. Ile fomu ya viza tunaijazaje?" Naitikia marahaba, kisha nauliza swali moja: mmeshaanza kufundisha? Hapo simu hunyamaza kidogo.

Nimeshughulikia wanafunzi wa kigeni katika vyuo vidogo huku Marekani kwa miaka kadhaa, na mwongozo huu nauandika kwa ajili ya wapigaji simu hao: ndugu zetu wenye ndoto ya chuo cha lugha, cha ufundi, cha dini, au sekondari ya binafsi. Mzazi aliyeko Arusha au Kisumu naye atapata humu cha kumsaidia kuipima shule inayomwandikia mwanawe barua.

Kibali chenyewe hutolewa na ofisi inayoitwa SEVP, na kanuni yake iko kwenye 8 CFR 214.3, kifungu cha kanuni za serikali kuu ya Marekani. Inaitaka shule ithibitishe mambo manne: kwamba ni shule ya kweli, kwamba imeshasimama kama mahali pa elimu, kwamba ina majengo, watumishi na fedha za kuendeshea masomo, na kwamba hivi sasa inafundisha masomo hayo. Hilo la nne ndilo linaloangusha wengi. Huwezi kuomba kibali kwanza, ukaleta wanafunzi kutoka nje, kisha ndio uanze kufundisha. Lazima uwe na darasa lenye wanafunzi wa hapa hapa, hata wakiwa kumi na wanane, kabla hujafungua fomu ya kuomba kibali. Kila hatua utakayoisoma hapa chini ni swali hilo hilo linaloulizwa kwa sura nyingine: je, hapa panafundishwa?

Ukitaka kujua kwa nini wanauliza kwa ukali, rudi nyuma kidogo. Mwaka 1993 jengo la World Trade Center lililipuliwa kwa mara ya kwanza, na mmoja wa waliohukumiwa, Eyad Ismoil, aliingia Marekani kwa viza ya mwanafunzi, akasoma kidogo Wichita, Kansas, kisha akaacha. Hakuna aliyemtafuta. Bunge likapitisha sheria mwaka 1996 ya kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni kwa kompyuta, lakini kazi ikaenda mwendo wa kinyonga. Desemba 2000, Hani Hanjour, mmoja wa wateka ndege wa Septemba 11, 2001, aliingia kwa viza ya kusomea Kiingereza katika chuo kimoja cha California na hakuwahi kukanyaga darasani. Aibu kubwa zaidi ikaja Machi 2002. Shule ya urubani ya Venice, Florida, ilipokea barua za uhamiaji zikisema Mohamed Atta na Marwan al-Shehhi wamekubaliwa kuwa wanafunzi. Walikuwa wamekufa miezi sita kabla, ndani ya ndege walizozigonga kwenye minara.

Mfumo wa SEVIS, ndio huo wa kompyuta wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni, ulianza kufanya kazi mwaka 2003. Ndiyo sababu SEVP haiko chini ya wizara ya elimu. Iko ndani ya ICE, idara ya uhamiaji na forodha, katika Wizara ya Usalama wa Ndani. Liweke hilo akilini unapoandika. Anayesoma fomu yako anafanya kazi ndani ya idara ya usalama, na maneno matamu kuhusu maono ya chuo hayamsisimui.

Hatua ya 1: Jua herufi yako

Viza za masomo hutambulishwa kwa herufi: kuna F, kuna M, kuna J. Herufi F ni ya masomo ya kitaaluma: vyuo vikuu, vyuo vya kati, seminari, sekondari, shule za msingi za binafsi, na shule za lugha. M ni ya ufundi na kazi za mikono: urubani, umakenika, urembo, upishi wa kitaalamu. Fomu moja inaweza kuomba F na M kwa pamoja. J ni ya programu za kubadilishana na haiko SEVP kabisa. Hiyo huombwa Wizara ya Mambo ya Nje kwa fomu DS-3036, na sitaizungumzia tena.

Wako wasioruhusiwa hata wakiwa na nia njema. Shule ya msingi ya serikali haipokei mwanafunzi wa F. Sekondari ya serikali inaweza, lakini kwa miezi 12 tu, na mwanafunzi alipe gharama yote bila ruzuku ya walipa kodi. Masomo ya nyumbani hayapo. Chuo kinachofundisha kwa intaneti peke yake hakipo. Shule ya Kiingereza, tangu sheria ya mwaka 2010, lazima iwe na ithibati, yaani uthibitisho wa ubora wa elimu yake, kutoka chombo kinachotambuliwa na Wizara ya Elimu ya Marekani. Bila hiyo hata usijisumbue kufungua ukurasa. Shule ya urubani nayo inatakiwa iwe imeidhinishwa na mamlaka ya anga, FAA.

Hapa niseme jambo kwa wenye wazo la chuo cha wahudumu wa wagonjwa, maana nusu ya simu zangu ni hizo. Kozi ile ni ya wiki chache, na viza yake ingekuwa M. Mwanafunzi wa M haruhusiwi kufanya kazi akiwa masomoni. Akimaliza, hupewa mwezi mmoja wa mafunzo kazini kwa kila miezi minne aliyosoma, na jumla haizidi sita. Piga hesabu mwenyewe: kozi ya wiki nane haizai hata mwezi mmoja. Kijana aliyeuza shamba la babu yake akidhani atatoka darasani aingie moja kwa moja kwenye kazi ya malipo kwa saa, atakulaumu wewe, na atakuwa na haki.

Hatua ya 2: Leseni ya jimbo, kisha ithibati

SEVP haiipi shule uhai. Jimbo ndilo linalotoa leseni, na kila jimbo lina ofisi yake. California ni Bureau for Private Postsecondary Education. Texas, kwa vyuo vya kazi, ni Texas Workforce Commission. Minnesota, ambako jamii ya Waafrika Mashariki ni kubwa, ni Minnesota Office of Higher Education. Anza huko. Jina lililo kwenye leseni liandikwe vile vile, herufi kwa herufi, kwenye kila karatasi utakayotuma baadaye. Nimeona ombi likirudishwa kwa sababu leseni ilisema "Institute" na mkataba wa pango ukasema "College".

Ithibati ni jambo jingine, na si kila shule inalazimika kuwa nayo. Lakini asiyenayo ana mzigo wa ziada wa kujieleza. Chuo kinachotoa shahada bila ithibati kinatakiwa kionyeshe kwamba masomo yake yanapokelewa kwingine, na njia ya kawaida ni barua kutoka vyuo visivyopungua vitatu vyenye ithibati vikisema vinawapokea wanafunzi wake pamoja na alama zao. Barua hizo si rahisi kupata. Chuo kikubwa hakina haraka ya kumwandikia jirani mdogo asiyejulikana, kwa hiyo anza kujenga uhusiano mapema, labda kupitia wanafunzi wenu ambao tayari wamehamia huko. Shule ya msingi au sekondari ya binafsi ionyeshe kuwa kuhudhuria kwake kunatimiza sheria ya elimu ya lazima ya jimbo na kuwa wahitimu wake hupokelewa na shule zenye ithibati za ngazi ya juu yake. Chuo cha ufundi kionyeshe kuwa masomo yanampa mtu taaluma au kazi, si ya kupitishia muda. Kufinyanga vyungu Jumamosi ni jambo zuri, ila halileti viza.

Hatua ya 3: Mtafute mtu, na umtafute vizuri

Ningekuwa na uwezo ningeifanya hii hatua ya kwanza. Fomu ya kuomba kibali, tutakayoifikia Hatua ya 5, inataka majina ya maofisa wateule. Mkuu wao huitwa PDSO, mmoja kwa kila kampasi. Wasaidizi wake ni DSO. Zamani walikuwa na ukomo wa kumi kwa kampasi, ukaondolewa mwaka 2015. Ndio pekee wanaoingia SEVIS, wanaotoa Fomu I-20, hati ya shule ambayo mwanafunzi huombea viza, na wanaotia sahihi mbele ya serikali.

Masharti yao ni haya. Awe raia wa Marekani au mkazi wa kudumu, mwenye kadi ya kijani. Awe mwajiriwa wa kawaida wa shule, ofisi yake iwe shuleni hapo hapo. Na malipo yake yasitokane na kamisheni ya kuleta wanafunzi wa kigeni. Sharti hili la mwisho ndilo linalowakata miguu wale wanaotaka kumweka wakala wao wa Nairobi au Dar es Salaam aliyehamia huku. Shemeji anayelipwa kwa kila kichwa anachokileta hawezi kuwa DSO, hata kama ndiye anayejua kompyuta kuliko wote.

Wala usimweke mchungaji au mwenyekiti wa bodi kwa heshima tu. Mtu huyu atasoma kanuni 214.2(f), 214.2(m) na 214.3, atafanya mafunzo ya mtandaoni ya SEVP, na siku ya ukaguzi atahojiwa yeye. Baada ya hapo atakuwa akishika simu saa tano usiku wakati mwanafunzi amekwama uwanja wa ndege.

Na weka zaidi ya mmoja. Katika chuo kimoja nilichowahi kufanyia kazi, PDSO aliondoka katikati ya Agosti baada ya kugombana na mkurugenzi kuhusu mshahara. Alikuwa peke yake mwenye nywila. Muhula ukaanza, wanafunzi wakaingia darasani, wakalipa ada, wakafanya majaribio, lakini hakuna aliyewaandikisha kwenye SEVIS. Mfumo haujui ugomvi wa watu. Siku zilipopita ukazifunga rekodi zao. Wasichana wawili waliokuwa hawajakosa kipindi hata kimoja wakawa, kwa macho ya serikali, wameingia nchini na kutoweka. Kuzifungua rekodi zile kulichukua wiki kadhaa za simu na barua, na mmoja wao alikosa kwenda kumzika baba yake kwa sababu angetoka asingeweza kurudi. Chuo kiliomba radhi. Radhi hairudishi mazishi.

Hatua ya 4: Kusanya karatasi kabla ya kugusa kompyuta

Kanuni inataka prospektasi ya shule, au kama haipo, maelezo ya maandishi yanayotaja ukubwa wa shule, majengo na vifaa, sifa za walimu, mishahara yao, utaratibu wa mahudhurio na utoaji alama, huduma za ushauri kwa wanafunzi, na hali ya fedha. Hesabu za fedha ziwe zimethibitishwa na mhasibu: mali, mapato na matumizi. Ongeza leseni ya jimbo, cheti cha ithibati au zile barua tatu, hati ya umiliki au mkataba wa pango, na uthibitisho wa uraia au ukazi wa kila ofisa mteule.

Sehemu ya mishahara huwashangaza watu. Shule nyingi za jumuiya zetu huanza kwa kujitolea: dada mmoja anafundisha hesabu bure, mzee anafundisha Kiarabu kwa thawabu. Ni jambo jema, lakini mkaguzi anapoona walimu saba na mshahara sufuri, anajiuliza shule itaishi miaka mingapi. Kama mnajitolea, andikeni wazi, na onyesheni fedha inatoka wapi: sadaka, ada, mfadhili, chochote kilicho kweli na kinachoonekana kwenye taarifa ya benki.

Hatua ya 5: Fomu I-17

Jina lake rasmi ni ombi la kuidhinishwa kwa shule ili ihudhuriwe na wanafunzi wasio wahamiaji. Hujazwa ndani ya SEVIS, mtandaoni. Shule isiyo na kibali huomba kitambulisho cha muda, inaingia, inajaza.

Itakuuliza wastani wa kila mwaka wa madarasa, wanafunzi, walimu na watumishi wasio walimu. Itauliza kozi na urefu wake, mihula, ada. Itauliza kila mahali mnapofundishia, na neno "kila" lina maana yake. Kama maabara iko mtaa wa pili au mazoezi ya vitendo yanafanyika karakana ya rafiki, pataje. Kasoro ndogo hapa hukua kuwa kosa kubwa siku ya ukaguzi, kwa sababu mkaguzi hukuta kitu ambacho fomu haikusema.

Chunga pia hesabu ya saa. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anatakiwa achukue angalau krediti 12 kwa muhula. Wa shule ya lugha, saa 18 za darasani kwa wiki. Wa ufundi, saa 18 kama sehemu kubwa ni darasa, 22 kama sehemu kubwa ni karakana au maabara. Mwanafunzi wa F anaweza kuhesabiwa somo moja tu la mtandaoni, au krediti tatu, katika mzigo wake wa lazima wa muhula; wa lugha na wa M hahesabiwi hata moja. Ratiba yako ya jioni tatu kwa wiki, iliyowafaa watu wazima wanaofanya kazi mchana, haifiki huko. Ipange upya kabla ya kuomba.

Ada ya ombi ni dola 3,000, kiwango kilichopandishwa Juni 2019 kutoka dola 1,700. Juu yake kuna dola 655 za ukaguzi kwa kila kampasi. Malipo hufanyika kupitia Pay.gov, tovuti ya malipo ya serikali. Kwa shule yenye jengo moja hiyo ni dola 3,655, na hairudishwi ukikataliwa. Mkuu wa shule na maofisa wateule wote hutia sahihi chini ya kiapo, kwa hiyo asitie sahihi ambaye hajaisoma.

Hatua ya 6: Siku ya mgeni

Mkaguzi hupanga siku na kuja. Atatembezwa, atapiga picha, ataangalia madarasa, maktaba, vifaa, njia za kutokea moto ukiwaka. Atakaa na PDSO na kumhoji: mwanafunzi akiacha masomo unafanya nini, ndani ya siku ngapi? Kumbukumbu zake unaweka wapi, kwa muda gani? Anataka kupunguza masomo kwa sababu ya ugonjwa, unaruhusu vipi? PDSO anayejibu "nitamuuliza mwanasheria" kwa kila swali anawapa picha mbaya.

Usiandae karamu. Usiazime wanafunzi. Niliwahi kusikia mwenyeji mmoja akipanga kuwaita waumini wa ibada ya Jumatano wakae madarasani na madaftari. Nilimwambia anachokipanga kina jina kwenye sheria ya jinai. Darasa la watu tisa lenye mwalimu anayejua anachokifundisha linatosha kabisa, mradi fomu nayo imesema tisa.

Hatua ya 7: Kungoja

Hesabu miezi, si wiki. Katikati huenda ukaletewa barua ya kutaka ushahidi zaidi, yenye tarehe ya mwisho. Jibu kila kipengele, kwa mpangilio wao, na usitume rundo la karatasi ukitumaini jibu limo humo ndani. Ukikataliwa, barua itataja sababu, na unayo nafasi ya kukata rufaa kwa fomu I-290B. Kwa maoni yangu, kama sababu ni kasoro halisi, kwa mfano hamkuwa na wanafunzi, ni afadhali kurekebisha shule kuliko kubishana na karatasi.

Wakati huu wote usitangaze kwamba mnapokea wanafunzi wa kigeni, na usichukue ada ya mtu yeyote aliye nje. Ndipo mahali ambapo ndugu wema hugeuka kuitwa matapeli kijijini kwao.

Hatua ya 8: Kibali kimetoka, kazi imeanza

Shule hupewa namba yenye herufi za wilaya yake ikifuatiwa na 214F na tarakimu. Namba hiyo huchapwa kwenye kila I-20, na mwanafunzi huijaza kwenye fomu I-901 anapolipia ada ya SEVIS.

I-20 haitolewi kama kadi ya harusi. Kabla ya kuitoa, shule iwe imepokea maombi ya mwanafunzi, imepima vyeti vyake, imemdahili, na imeona ushahidi kwamba ana fedha za mwaka wa kwanza. Baada ya hapo mwanafunzi hulipa ada ya SEVIS, fomu I-901, dola 350, kisha huenda ubalozini. Kwa miaka mingi waombaji wa Kenya, pamoja na wa Nigeria, Ghana, Gambia na Kamerun, wamekuwa hawaruhusiwi kuilipa kwa kadi ya benki. Hulipa kwa njia kama Western Union au hundi. Liandike hilo kwenye barua ya udahili, maana kijana hujaribu kadi tatu usiku kucha akidhani kosa ni lake.

Kibali cha shule hakimfungi ofisa wa viza ubalozini. Anaweza kumnyima viza mwanafunzi wako bora. Na Rais anaweza kufunga mlango kwa nchi nzima: tangazo la Juni 2025 liliiweka Burundi kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake walizuiwa viza za F, M na J. Orodha hiyo hubadilika, kwa hiyo iangalie siku unayoandika barua ya udahili, si mwaka mmoja kabla.

Mwanafunzi anaruhusiwa kuingia hadi siku 30 kabla ya masomo kuanza. Akifika, DSO ana siku 30 tangu kuanza kwa masomo kumwandikisha kwenye SEVIS. Baada ya hapo, mabadiliko makubwa, ya mwanafunzi au ya shule yenyewe, huripotiwa ndani ya siku 21: ameacha, amehama anwani, amepunguza masomo, amefukuzwa. Faili lake hutunzwa kwa miaka mitatu baada ya kuondoka. Kila mwaka, kati ya Desemba 2 na Machi 2, PDSO huthibitisha kwamba maofisa walio kwenye orodha bado wapo kazini. Nunua kalenda kubwa ya ukutani.

Kwa mzazi aliyeko nyumbani

Tafuta jina la shule kwenye ukurasa wa serikali uitwao Study in the States, ambao una orodha ya shule zenye kibali na herufi zao. Ukilikosa, acha. Ukilipata, usisimame hapo. Tri-Valley University ya Pleasanton, California, ilikuwa na kibali. Mwaka 2011 maofisa waliivamia, ikaonekana ilikuwa ikiuza karatasi za viza kwa mamia ya vijana, wengi wao Wahindi, ambao baadhi yao walifungwa vifaa vya kufuatiliwa miguuni. Mwanzilishi wake, Susan Su, alihukumiwa mwaka 2014 kifungo cha zaidi ya miaka 16.

Lililo baya zaidi ni kwamba serikali yenyewe ilianzisha vyuo hewa kama mitego. University of Northern New Jersey ilifichuliwa mwaka 2016, University of Farmington ya Michigan mwaka 2019. Hakukuwa na mwalimu wala darasa. Waliosimama mapokezi walikuwa askari kanzu. Vyote viwili vilionekana kwenye orodha rasmi. Kwa hiyo uliza ithibati kando, kwenye orodha ya Wizara ya Elimu, na mwambie mwanao apige simu aulize ratiba ya wiki. Chuo kinachosema "utasoma ukipenda, cha muhimu ni viza" kimeshajitaja.

Hatua ya 9: Kila baada ya miaka miwili

Kibali hudumu miaka miwili. SEVP hutuma taarifa siku 180 kabla hakijaisha, na ombi la kuhuisha linalipiwa dola 1,250. Wakipata mashaka katikati hawangoji miaka miwili. Huandika barua ya kusudio la kukifuta, na shule hupewa siku 30 za kujieleza. Mei 22, 2025, Harvard yenyewe iliambiwa kibali chake kimefutwa siku ile ile. Kesho yake jaji wa Boston alizuia uamuzi huo. Harvard ina mawakili wa kufika mahakamani kabla ya chakula cha mchana. Chuo chenu cha ghorofa moja kitategemea mafaili yake.

Mkihamia jengo jingine, hata ng'ambo ya barabara, sahihisheni I-17 ndani ya siku 21 na mjiandae kulipia ukaguzi mpya. Na shule ikiuzwa, mmiliki mpya ana siku 60 za kupeleka ombi jipya kuanzia mwanzo. Kibali hakiuzwi pamoja na madawati.